Tafsiri Niliyoitunga Nikiwa Jukwaani

Jamani, hii nawaambia nikiwa nimejifunika uso kwa mikono yote miwili, maana mpaka leo nikipita soko la Sosiot kuna watu wananiita "Mtafsiri" halafu wanashika mbavu kwa kicheko, na siwezi hata kukasirika kwa sababu kosa ni langu, lote, kuanzia ule mstari mmoja nilioandika kwenye fomu.

Kuna kile kitabu cha picha cha mashujaa (jina silitaji, mnaokijua mnakijua, na msiokijua mmeona tu alama yake, ile taa iliyopasuka kioo, imebandikwa nyuma ya pikipiki kibao kuanzia Soin mpaka Kericho mjini, na wenye pikipiki hawajui hata imetoka wapi). Kabla ya kitabu hicho shujaa alikuwa shujaa, anaruka, anapiga wabaya, anarudi nyumbani kula. Hiki kikaja na mashujaa wenye magoti mabovu, wenye wivu, waongo, kila mmoja ana jambo anamficha mwenzake, na tangu hapo kila kitu kimebadilika, sinema, fulana, hata kijana mmoja kanisani kwetu alihubiri juu ya ile taa na watu wazima wakasema amina. Mimi nimekisoma mara nne na nikianza kukizungumzia chai inapoa mezani. Kwa hivyo Madam Akinyi, mkutubi wa maktaba moja hapo Kericho, alipotangaza siku ya kuongea juu ya kitabu hicho na vile kilivyotufikia hata sisi watu wa majani chai, nilichukua fomu ya wasemaji kabla hajamaliza kuongea.

Sasa fomu ilikuwa na swali: umefanya nini na kitabu hiki? Dada aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameandika kwamba ameshona koti la shujaa mkuu, mwingine amechora ukuta mzima. Mimi nilikuwa nimesoma tu. Nikaona haya. Nikaandika, "Nimekitafsiri kwa Kiswahili." Na nia nilikuwa nayo, wallahi! Ukurasa wa kwanza ulikuwa tayari kichwani, ulikuwa unangoja tu kalamu.

Jumapili nikajisifu kidogo kanisani kwamba nitahutubia Kericho. Kidogo tu. Ikafika kwa Mama, na Mama akaifikisha kwa kikundi chake chote cha wachunaji, na Jumamosi ile nilipoingia ukumbini nikakuta safu ya pili imejaa akina mama wa kituo chetu cha kupimia majani, wamevaa vitambaa vya kichwa vya kwenda harusini. Mama alikaa katikati. Kushoto kwake Mama Chepkoech, jirani yetu wa uzio mmoja.

Ni lazima mjue kwamba Jumanne iliyofuata kituo kilikuwa kinachagua mwenyekiti, na Mama ndiye aliyekuwa anasimama. Sisi ni watu wa kuja, Baba alitoka Kisii akafanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai mpaka akanunua nusu eka yetu hapo Sosiot, na mwanamke wa kuja kufikiriwa kuwa mwenyekiti ni jambo kubwa. Mama alikuwa ametafuta jina jema hapo kituoni miaka ishirini, kapu kwa kapu. Alikuja Kericho ili watu waone mtoto wake ni mtu wa maana.

Madam Akinyi akanivuta kando. "Momanyi, wewe ndio tumekupangia muda mrefu. Utatusomea tafsiri yako, kurasa ziko kwa projekta, sawa?"

"Nisome?"

"Si umesema umetafsiri? Ama?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ningesema tu, Madam, nilidanganya, na yangeisha. Lakini Mama alikuwa ananipungia mkono kwa nguvu kutoka safu ya pili. Nikasema sawa.

Nikapanda. Projekta ikawaka, na jamani, picha ilikuwa na ukungu kama asubuhi ya mwezi wa saba, maneno hayasomeki hata herufi moja, na mkononi nina karatasi (nyeupe pande zote mbili, nilikuwa nimeibeba ya kujipa heshima). Shujaa anaonekana anatembea akiwa na mzigo mgongoni. Nikasema, "Alfajiri, shujaa alijitwika kapu lake la majani chai."

Ukumbi ukalipuka! Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo ndio tafsiri sasa!" Damu ikanipanda kichwani. Nikaendelea. Mji wa kitabu ukawa Sosiot, mnara ukawa mzani wa kituo, mkuu wa polisi nikamfanya karani wa majani mwenye miwani, na kila picha ikija nilikuwa na maneno, yanakuja yenyewe, sijawahi kuwa na raha kama ile maishani mwangu. Madam Akinyi alikuwa anaandika mbio mbio. Mama alikuwa analia kwa furaha.

Kisha ikaja ile picha ambayo shujaa ameinamisha kichwa, na kwenye kitabu hapo ndipo anafichua siri yake. Nilihitaji siri. Siri nzuri, ya kweli kweli, mbio. Mdomo ukachukua iliyokuwa karibu.

Nikasema shujaa siku moja alichelewa shambani, akachuna majani magumu, yale yasiyopokelewa kituoni, akayaweka chini ya kapu, juu akafunika kwa majani mawili na chipukizi, laini kabisa. Akafika kwenye foleni, akamwona karani siku hiyo anamwaga makapu yote mezani mpaka chini. Akaogopa. Akasogea pembeni polepole, kapu akaliacha kwenye foleni, na karani alipolimwaga akauliza ni la nani, na aliyekuwa amesimama karibu nalo ni jirani yake. Jirani akakana, hakuna aliyemwamini. Akafukuzwa mbele ya watu wote, wiki nzima majani yake hayapokelewi, na shujaa akanyamaza.

"Na tangu siku hiyo," nikasema, nimeinua mkono juu kabisa, "jirani huyo wakambandika jina la Magumu!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Ndipo nikasikia nilichosema. Kwa sababu Sosiot kuna mtu mmoja tu anayeitwa Mama Magumu, watoto wanamwita hivyo akipita, na alikuwa amekaa kushoto kwa Mama. Na kuna watu wawili tu walioijua hadithi ya kapu lile: Mama, aliyeniambia jikoni akiwa mgonjwa wa homa, na mimi, niliyeapa kwamba haitatoka nje ya nyumba.

Mama Chepkoech akasimama. Hakumtazama Mama, alinitazama mimi.

"Kijana," akasema, "hiyo hadithi ni tamu sana. Sasa kitabu inasema aje mwisho? Huyo shujaa alienda kwa jirani, ama alinyamaza tu hivyo?"

Nikaangalia karatasi yangu nyeupe. Nikageuza upande wa pili, nao mweupe.

"Mama, sijui," nikasema. "Sijatafsiri hata ukurasa mmoja. Nilidanganya kwa fomu."

Kuna waliocheka, kuna walioguna, Madam Akinyi akafunga daftari lake. Kisha nikasikia sauti ya Mama.

"Kaa chini, Momanyi. Mwisho naujua mimi." Alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele. "Mama Chepkoech, lile kapu lilikuwa langu. Nilinyamaza. Nimekuja kwako kunywa chai miaka mitatu na bado nimenyamaza. Nisamehe, mbele ya hawa wote, vile ulifukuzwa mbele ya wote."

Mama Chepkoech akamgeukia. "Miaka mitatu," akasema. "Hata mjukuu wangu ananiita hilo jina." Akachukua mkoba wake akatoka, Mama naye akatoka nyuma yake, na mimi nikabaki jukwaani na projekta.

Waliyoongea barabarani sijui, hawajaniambia. Ila Jumanne kituoni Mama alisimama kabla ya kura, akaondoa jina lake, akasimulia upya habari ya kapu kwa wale ambao hawakufika Kericho, kisha akampendekeza Mama Chepkoech. Mikono iliinuka mingi mpaka karani akaacha kuhesabu. Mwenyekiti mpya akashukuru, akasema atafanya kazi na kila mtu, "lakini kapu la Mama Momanyi nitamwaga mwenyewe, kila siku, mpaka chini." Watu walicheka, na Mama akacheka pia, na jina la Magumu sijalisikia tena sokoni.

Mimi nimeapa kutoandika tena kwenye fomu yoyote jambo ambalo bado liko kichwani. Lakini kiapo kikubwa nilipewa na Mama mwenyewe, tukichuna, bila kuniangalia. "Sikukasirika kwamba ulisema," aliniambia. "Nilikasirika uliivalisha koti la mtu mwingine. Siku ukiisimulia tena, sema ni mama yako." Basi, ni mama yangu.