Alama Kumi za Agnella

Mwalimu Brigitha hana ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa na maringo ningemsema mpaka roho itulie. Lakini anasalimia kila mtu, anachangia misiba, na akipika pilau la Krismasi ananiletea sahani yangu imefunikwa vizuri. Huu ni mwaka wa sita yeye anafundisha hisabati Darasa la Saba A na mimi nafundisha hisabati Darasa la Saba B, katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Ifakara. Ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba. Nawasikia watoto wake wakijibu swali wakati wangu bado wanatafuta kalamu.

Kila Januari Mwalimu Mkuu, Mwalimu Stanislaus, anawapa watoto mtihani mmoja. Waliofanya vizuri wanakwenda A, waliobaki wanakuja kwangu. Watoto wa huku wamekulia kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwa hiyo hawakuchelewa kutafuta majina: wa A ni Supa, mchele wa daraja la kwanza, wa B ni Chenga, mchele uliovunjika. Siku moja nilimsikia mtoto wangu akimweleza mgeni, wala hana huzuni, "Sisi Chenga tunatoka mapema. Supa ndio wana kipindi cha ziada." Hicho kipindi cha ziada ndicho kinachowapeleka watoto wawili watatu kila mwaka kwenye shule nzuri za bweni. Kutoka B hajawahi kwenda hata mmoja.

Hayo ningeyameza. Kinachonikaba ni utaratibu wa kila mwezi. Kuanzia Februari hadi Mei kuna mtihani wa mwezi. Wawili wa juu wa B wanapandishwa A, wawili wa mwisho wa A wanashushwa B. Mwalimu Mkuu anasema unawapa watoto moyo. Mimi unanipa homa. Mwaka juzi nilihangaika na Stumai miezi mitatu, sehemu na desimali, mpaka akafunguka. Alipofunguka tu, wakamchukua. Matokeo yalipotoka mama yake alikuja kutoka Kiberege amebeba jogoo, akapita mlangoni kwangu, akaniambia "Pole na kazi, mwalimu," akaenda kumkabidhi Brigitha. Jogoo mwekundu, mnene. Mpaka leo namkumbuka yule jogoo.

Kwenye mahafali ya mwaka ule wazazi walimvisha Brigitha kitenge mbele ya watu, vigelegele juu. Mimi nilikuwa nagawa soda.

Januari hii, kwenye kikao cha walimu, nilisimama nikasema watoto wachanganywe. Nilisema mtoto akiitwa Chenga mwaka mzima ataamini, na mwepesi akikaa na mzito wote wanasaidika. Walimu walitikisa vichwa kukubali. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini nisijipake mafuta: moyoni nilikuwa nakiona kile kitenge. Mwalimu Mkuu alisema tutalifikiria, tukanywa chai.

Februari akaja Agnella. Alitoka Chita kuishi na bibi yake, mtihani wa kupanga ukiwa umeshapita, akawekwa B bila hata kuulizwa anajua nini. Msichana mwembamba, mpole, anaandika tarakimu kubwa kubwa. Wiki ya pili niligundua kwamba hesabu za mafumbo anazifanya kwa njia yake mwenyewe. Magunia saba yana debe ngapi, wafanyakazi tisa watavuna kwa siku ngapi, yeye anaanza na moja: gunia moja, mtu mmoja, kisha anapanda. Alifundishwa na babu yake shambani. Ni njia ndefu, lakini hakosei.

Nilimwonea fahari kama nimemzaa. Nikamwambia kila siku abaki nusu saa, mimi na yeye tu. Nikaanza kuota siku ambayo jina la kwanza shuleni lingetoka B, na bibi yake apite mlangoni kwa Brigitha bila kusimama. Mtihani wa kwanza alikuwa bado mgeni, hesabu za vipimo zikamshinda. Mwezi wa tatu aliugua malaria, hakufanya. Nilimpelekea machungwa, na njiani nilikuwa na furaha kwamba hatapandishwa. Mtu mzima mimi.

Ikafika Aprili. Nilisahihisha nyumbani, Jumamosi mchana, mvua inapiga bati. Agnella alipata arobaini na sita kwa hamsini. Waliomfuata walipata thelathini na tisa na thelathini na nane. Kwenye karatasi yake niliandika 46 na kuipigia mstari. Kisha nikachukua orodha ya kubandika ukutani, na mbele ya jina lake nikaandika 36. Nikaendelea na jina linalofuata.

Jumatatu walipandishwa Octavian na Katarina. Agnella aliisoma orodha mara mbili, akaja ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba karatasi yangu, nikafanye masahihisho."

"Karatasi zimenyeshewa, mwanangu. Unalijua paa letu."

Kweli paa la ofisi linavuja, kila mtu anajua. Karatasi yake ilikuwa kwenye droo yangu, kavu.

"Sawa mwalimu," akasema. "Nitatafuta mwenyewe nilipokosea."

Mwezi ule nilikuwa na raha. Brigitha alikuwa na Supa wake arobaini na tano, mimi nilikuwa na mmoja, na huyo mmoja Brigitha hakumjua. Hata nilipomsikia akicheka na darasa lake nyuma ya ukuta, sikuumia.

Mei ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kupanda. Baada ya hapo madarasa yanafungwa mpaka mtihani wa taifa. Niliichukua karatasi ya Agnella nikisema moyoni kwamba safari hii nitaona nitakavyofanya. Sikuhitaji kufanya chochote. Alipata ishirini na saba. Nikaangalia njia. Hakuna mahali alipoanza na moja. Alikuwa amekariri kanuni kutoka daftari la mtoto wa A, nusu ameiacha, nusu ameichanganya.

Nikamwita.

"Ile njia yako ya babu iko wapi?"

"Niliiacha, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Si ilinikosesha mwezi uliopita? Niliyakumbuka maswali, nikayarudia yote nyumbani. Majibu yakaja yale yale. Nikajua basi njia yenyewe ndiyo mbovu."

Nilifungua droo, nikampa karatasi. Aliweka kidole kwenye kila vema, akahesabu kimya kimya mpaka chini.

"Ulipata arobaini na sita," nikasema. "Kwenye orodha niliandika thelathini na sita kwa makusudi, wasikuchukue. Nisamehe, mwanangu."

Aliigeuza karatasi, akaipapasa.

"Kumbe haikunyeshewa," akasema.

Nilikwenda na karatasi hiyo kwa Mwalimu Mkuu. Alinisema mpaka nikasahau kukaa, na barua ya onyo nikaipata. Lakini kumpandisha alikataa. "Kule madawati yamejaa. Nikimpandisha huyu namshusha nani? Wewe utakwenda kumweleza mzazi wake?" Kwa hiyo Agnella akabaki B. Nilichokitaka tangu Februari nikakipata.

Brigitha alisikia yote. Ofisi yetu haina siri. Nilimngoja anitukane. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa hata na majibu.

"Mama Fredy," akaniambia, "saa ya mapumziko Agnella awe anakuja kwangu, nimpe maswali ya kipindi cha ziada."

Hata hapo nilimwonea wivu, kwa kuweza kusema vile.

Agnella amerudia njia yake. Wiki ya kwanza ya Juni nilimpa maswali kumi, akayapata yote. Nikampigia vema kumi, kubwa, nyekundu, nikaandika "Safi sana" chini yake. Aliangalia daftari, akasema, "Asante mwalimu," kwa adabu ile ile ya siku zote. Hakutabasamu.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilimwona dirishani akivuka kwenda baraza la A na daftari lile lile. Brigitha alikuwa anamenya chungwa. Akafuta mikono, akapitisha macho swali la kwanza mpaka la kumi, akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo Agnella alipotabasamu.

Hivyo ndivyo anavyofanya kila siku. Mimi nampigia vema, naye anaipeleka kwa Brigitha kuuliza kama ni kweli.