Nilipomwacha Odhiambo Langoni

Nakumbuka Jumamosi moja mchana, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mimi na Odhiambo tulikuwa mafundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, na tulikunywa pamoja kama tulivyofanya kazi pamoja. Usidhani tulikuwa watu wa kulala mitaroni. Tulikuwa na wake, watoto na heshima zetu. Ila asubuhi hatukuweza kushika chombo kabla ya kupata pombe kali ya chang'aa ya kutuliza mikono.

Siku hiyo Odhiambo alizima mashine akaniambia, "Omera, ndugu yangu, kuna watu hukutana kule Kisian, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wanaoacha pombe. Nisindikize."

"Kwani wewe huna miguu?"

"Ninayo. Nikienda peke yangu itanipeleka kwingine."

Basi nikaenda naye. Alivaa shati ambalo mkewe alikuwa amelipiga pasi vizuri. Ndani ya matatu alinieleza, akiangalia dirishani, kwamba binti yake wa miaka sita siku hizi akisikia kikohozi chake mlangoni huingia chini ya kitanda. Hakumwambia mtu mwingine jambo hilo. Aliniambia mimi.

Tulipofika langoni akasimama. "Ingia nami."

"Ingia wewe," nikasema. "Mimi si mgonjwa."

Akaniangalia kidogo, akaingia.

Laiti ningemsubiri pale pale. Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na mahali pa kuuzia pombe ya busaa, na ndani walikuwemo watu waliotufahamu. Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza nilikuwa nimewaeleza kila kitu. Shati nikalisema. Mtoto chini ya kitanda, ndiyo, naye nikamsema. Nikaigiza hata sauti yake: "Naitwa Odhiambo, mimi ni mlevi." Sikujua huko ndani walisema nini, nilibuni tu. Watu walicheka hadi wakashika ukuta, nami nikafurahi kwamba ninachekesha.

Odhiambo alipotoka walikuwa wamejipanga kando ya barabara. "Pasta, tuombee!" akapaza sauti mmoja. Mwingine akauliza, "Mtoto ametoka chini ya kitanda?"

Hakumwangalia aliyeuliza. Aliniangalia mimi. Kisha akavuka barabara, akaketi. Kikombe chake nilimwagizia mimi mwenyewe.

Hakurudi tena ule ukumbi. Jumamosi iliyofuata nilimuuliza kama haendi, akajibu, "Kwenda wapi?" Mwaka haukwisha. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano, tukamzika kwao karibu na Bondo. Niliombwa kuzungumza kama rafiki wa marehemu. Nilizungumza vizuri sana, watu wakalia. Nilikuwa nimelewa.

Ilichukua miaka mitatu zaidi. Mke wangu alipochukua watoto akarudi kwao, ndipo nilipokwenda kuwatafuta wale watu. Kisian nikaambiwa walishahama. Nikauliza huku na kule kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bangi, hadi nikaelekezwa Migosi, kwenye darasa la chekechea. Watu wazima walikuwa wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Aliyewaongoza aliitwa Mama Rispa, mwanamke aliyekuwa ameacha pombe miaka mingi.

"Nani alikuambia kuhusu sisi?" akaniuliza.

Nikalitaja jina la Odhiambo. Akalikumbuka.

"Alikuja mara moja tu. Alituambia nje kuna rafiki yake anaona haya kuingia, lakini wiki ijayo atamleta."

Niliwaeleza yote, hata yale ya mtoto. Mwanamume mmoja alisimama akatoka nje. Nikamwomba Mama Rispa anisamehe.

"Mimi si Odhiambo," akasema. "Siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Keti."

Nikaketi. Tangu siku hiyo sijaonja. Lakini mke wangu hakurudi, wala simlaumu. Na yule binti wa Odhiambo, ambaye sasa ni mama wa watoto, mwaka juzi nilimweleza ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante kwa kuniambia, Baba." Hajapokea simu yangu tena.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu jana nilikuona na wenzako mkipokezana simu, mkicheka video ya kijana anayetoka kwenye mkutano kama ule. Sikuuliza nani alimrekodi. Ifute. Kisha umtafute yule kijana kabla hajakata tamaa. Mtu akikuambia anataka kuacha pombe, amekupa siri ambayo ilimchukua miaka kuitamka. Usiipeleke kwa watu wakacheke. Akikuomba umsindikize, usiishie mlangoni. Ingia, keti, hata kama wewe hunywi. Na kama unakunywa, ingia haraka zaidi, kwa sababu pengine yeye ndiye amekuja kukuchukua.

Nyasaye, Mungu wetu, akulinde. Akupe ulimi mzito wa kusema ya watu na miguu myepesi ya kumfuata rafiki, na akufikishe umri wangu bila jina la marehemu ambalo huwezi kulitaja ukiwa umeinua uso.