Sema kwa Sauti Yote Unayofikiri

Ijumaa, 12 Oktoba. Mvua ilianza kabla ya king'ora cha saa kumi na mbili, ikapiga mabati ya kiwanda mpaka saa tatu, halafu ikaacha ghafla na jua likatoka kama kwamba hakuna kilichotokea. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika kaye yangu, daftari langu la siku, na ninaamini, maana mambo ya mvua sikuwa na sababu ya kuyaficha. Mengine ya siku ile niliyaandika kwa woga, na nikiyasoma leo ninaona mahali nilipozunguka-zunguka. Nitajaribu kuyanyoosha. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, kwa hiyo sijui kama nitaweza.

Nilikuwa mwendeshaji katika kiwanda cha sabuni karibu na mto. Kazi yetu ilikuwa kukaa mbele ya meza ya chuma yenye taa na butoni za kubonyeza, na kuendesha mota zilizokoroga sabuni ndani ya mapipa matatu makubwa. Sabuni ikiwa motoni lazima ikorogwe. Ukiacha, inafura na kumwagika, au inaganda na kukamata mota. Mapipa yalisimama kwa mstari, la kwanza upande wa mto, la tatu upande wa barabara. Zamani meza ilitazama mapipa kutoka upande mmoja. Ukuta wa upande ule ulipopasuka, meza ilihamishiwa upande wa pili, mapipa yakabaki palepale, na hakuna aliyegusa nyaya. Tangu siku hiyo butoni ya kushoto iliendesha pipa la kulia, na butoni ya kulia iliendesha pipa la kushoto. Namba zilizokuwa chini ya butoni zilikuwa zimeliwa na soda kali ya sabuni.

Mzee wetu wa kazi, ambaye sote tulimwita papa ingawa hakumzaa hata mmoja wetu, alitufundisha dawa yake. "Kunja mikono kwanza," alisema, "ndiyo upige." Unakunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, halafu unaishusha hivyohivyo juu ya meza, na kila mkono unajikuta juu ya butoni ya pipa lililo upande wake. Ukiwa na haraka, unasahau kukunja.

Wiki tatu kabla ya Ijumaa ile papa alisahau. Alitaka kusimamisha pipa la kwanza, ambalo sabuni yake ilikuwa imeiva, akasimamisha la tatu, lililokuwa linachemka. Sabuni ilimwagika sakafuni, na alipowasha tena, mota ikaungua. Siku nyingine jambo kama hilo lingeisha kwa matusi. Lakini zilikuwa zimebaki siku mbili wakubwa wa chama waje kutembelea kiwanda, na sisi kila asubuhi tulikuwa tunafundishwa nyimbo na kucheza kwa ajili yao. Kamati ya chama pale kiwandani ikasema hili si kosa, ni sabotaji, kuharibu kwa makusudi. Papa akafungwa kasho kwa askari gendarmes. Mke wake alitembea kila siku kutoka mtaa wa Kabondo na chakula, na mara nyingine chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Tuliambiwa faili yake ingepandishwa mbele mwisho wa mwezi. Watu ambao faili zao zilipandishwa mbele hatukuwa tukiwaona tena.

Ijumaa ile ndipo alipokuja mtu wa université, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alivaa koti la abakosi la kijivu, kola imefungwa mpaka shingoni, akabeba katoni kubwa na mashine ya kukamata sauti. Alisema anasoma namna mtu na mashine wanavyosikilizana, au wanavyokosa kusikilizana. Shefu wa wafanyakazi alikuwa amemkubalia aangalie kama lile kosa lilitoka kwa mtu au lilitoka kwa meza.

"Angalia viatu," aliniambia mwenzangu wa zamu, mtu wa Maniema ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Mwanafunzi anavaa viatu ya ngozi ya vile? Mwanafunzi anavaa sapato, vidole inje."

"Labda kaka yake alimupa."

"Bon. Na kaka yake anatumikaka kazi wapi?"

Niliangalia tena viatu vile nikaona kamba ya kimoja ilikuwa uzi wa gunia. Niliandika hilo katika kaye, ili nisimwonee. Niliandika pia kwamba alijua jina la papa kabla hatujalitaja, na kwamba alifunika karatasi kwa mkono alipoandika. Saa sita alikula karanga na ndizi mbivu, basi. Sikujua mpelelezi hula nini saa sita.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ndani ya depo ya kuwekea sabuni alitengeneza meza mbili za katoni, kubwa kama ile ya chuma, vifuniko vya chupa za bia vikiwa ndiyo butoni. Moja ilipangwa kama yetu, kinyume. Nyingine ilipangwa sawa na mapipa, kushoto kwa kushoto. Mbele ya meza alipanga besheni tatu sakafuni, ziwe mapipa. Yeye anataja pipa, wewe unabonyeza kifuniko, yeye anaangalia saa yake. Hayo hayakutusumbua. Kilichotusumbua ni maneno yake kabla ya kuwasha mashine ya sauti: "Citoyen, fanya kama siku zote, lakini kila kitu unachofikiri, sema kwa sauti. Usichague. Hata kama ni upuuzi."

Tulitazamana. Miaka ile mtu alifunga dirisha kabla ya kuuliza bei ya mchele.

"Mutu anakuambia useme yote iko ndani ya kichwa, na mashine inakamata," alisema mwenzangu wa Maniema tulipotoka kwenda chooni. "Mi bibi yangu yeye-mwenyewe sijamwambiaka yote. Nitaambia katoni?"

"Lakini anasema itasaidia papa."

"Sukari ndiyo wanatangulizaka. Weye umeishaona mutu anatoka kasho juu ya kifuniko ya bia ya Primus?"

Yeye aliingia wa kwanza. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia na kuona. Alipiga kila kifuniko polepole, baada ya kufikiri sana, na sauti yake ikawa ile ya asubuhi ya nyimbo. "Ninafikiri chama. Ninafikiri Kiongozi wetu. Sasa ninapiga butoni ya pipa ya pili, na ninaendelea kumufikiri." Mtu wa université aliandika yote bila kucheka. Wa pili naye alifikiri chama. Wa tatu alifikiri chama na usafi wa kiwanda. Wa nne alifikiri kimya mpaka akaombwa aseme, akasema, "Niko nafikiri vizuri."

Hakuna hata mmoja aliyekosea. Kwenye meza ya kinyume wote walikunja mikono chini ya meza kabla ya kuileta juu, ili isionekane, na kwa kila kifuniko walichukua muda wa mtu anayechagua ng'ombe.

Nilikuwa wa tano na wa mwisho. Niliingia, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza hakuniita citoyen, mwananchi, kama watu wa chama; aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, na hilo liliniongezea woga. Alinigeuzia karatasi yake. Kwenye safu ya meza iliyo kinyume kulikuwa na sifuri nne. Kwenye safu ya meza iliyonyooka, sifuri nne.

"Yaya," alisema, "kama hakuna mutu anakosea ku hii table, basi table haina makosa. Niandike nini? Nitaandika kama makosa iko ya ule mzee peke yake."

Nilielewa vizuri kwamba ukweli wangu ungemwokoa papa, na papo hapo nilielewa pia kwamba mtu anayetaka kukunasa angesema maneno yaleyale, kwa uso uleule. Mpaka leo sijapata njia ya kuyatenga mambo hayo mawili.

Sasa lazima niseme la kaye. Kaye yangu ilikuwa nyumbani, ndani ya mfuko wa unga, na mke wangu alikuwa amekwisha kuniambia mara mbili niichome. Ndani yake nilikuwa nimeandika, kwa siku na saa, mara tatu mimi mwenyewe nilipobonyeza butoni ya pipa lisilo lake. Mara zote tatu nilisahihisha kabla sabuni haijafura, na sikumwambia mtu. Tofauti yangu na papa ilikuwa nusu dakika.

Ningeweza kukosea kwa makusudi pale kwenye katoni. Nilifikiri hivyo, sikatai. Lakini huo ungekuwa uongo, na uongo wa kumsaidia mtu nao unaacha alama kwenye karatasi. Nikamwambia awashe mashine.

Nilisema: ninafikiri kwamba ninaogopa. Ninafikiri wewe ni mpelelezi, na kama si mpelelezi, unisamehe. Ninataka pipa la upande wa mto, macho yangu yanaliona kushoto, na mkono wangu wa kushoto unataka kwenda wenyewe. Ninauzuia. Ninakunja mikono. Wote waliopita hapa wamekunja, tazama chini ya meza. Papa ndiye aliyetufundisha, bila yeye tungekwisha kuunguza mota zote tatu. Mimi nimekosea mara tatu. Nikazitaja, na siku zake. Nikasema: siku tukiambiwa tufanye haraka hatukunji, na tusipokunja tunabonyeza kama Mungu alivyotupangia mikono.

Halafu akanipima bila kunikubalia nikunje, haraka, pipa baada ya pipa. Kwenye meza ya kinyume nilikosea mara tano katika kumi. Kwenye ile nyingine, sikukosea.

Alirudisha mkanda nyuma kidogo ili asikie kama umekamata. Nilisikia sauti yangu. Ilikuwa nyembamba, yenye kujipendekeza, sauti ya mtu anayedanganya. Kama ningekuwa gendarme nisingeiamini.

"Merci, yaya," alisema. Alifunga katoni zake kwa kamba, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Sikumwona tena, na siwezi kuandika alikuwa nani.

Zilipita siku tisa. Watu hawakunitania tena. Mwenzangu wa Maniema alikuwa akinyamaza nikija, yeye ambaye hakujua kunyamaza. Siku moja nilimuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, citoyen," alisema. Citoyen, mimi, baada ya miaka sita kwenye benchi moja. Siku ile kwenye depo mlango ulifungwa na mimi nilikaa ndani kuliko wote. Kwa upande wake, mpelelezi alikuwa mimi. Nikijiweka mahali pake, ningefikiri hivyohivyo.

Siku ya kumi shefu wa wafanyakazi aliniita. Mezani kwake kulikuwa na karatasi tatu za mashine ya kuandikia, zenye yale niliyosema kwenye depo. Hazikuwa na jina langu. Zilisema "mwendeshaji wa tano", lakini kuhesabu mpaka tano kila mtu anajua. Alinisimamisha kazi siku nane kwa kuficha makosa matatu. Sikubishana, kwa sababu ni kweli niliyaficha. Nikiwa mlangoni akaongeza, bila kuniangalia, kwamba mzee atatoka Jumamosi, lakini kwenye meza hatarudi, atakaa kwenye kupakia sabuni.

Jumamosi alitoka. Saa kumi alasiri alikuja kwetu, mtaa wa Mangobo, peke yake. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Mke wangu alikuwa anatwanga ndizi za lituma. Nilimpa papa kiti, mimi nikakaa juu ya kinu cha zamani.

"Ulisema juu yangu ndani ya ile mashine," alisema.

"Nilisema, papa."

"Ulisema nini?"

"Kama weye ndiye ulitufundisha kukunja mikono."

"Tangu lini?"

"Tangu table ihamishwe."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari anayoijua. "Ndiyo vile gendarmes waliniuliza. 'Donc, mzee, ulijua table iko mubaya miaka yote ile, na weye ulinyamaza.' Walinirudisha ndani siku mbili ingine juu ya ile neno."

"Lakini hukunyamaza. Uliwaambia wakubwa. Uliomba rangi ya kuandika namba, wakasema rangi haiko."

"Ile ulisema?"

Sikuwa nimeisema. Nilisema woga wangu, nilisema makosa yangu na siku zake, nilisema dawa yake, na hilo moja ambalo lingemfaa halikunijia kabisa. Wala katika kaye sikuwa nimeliandika. Nilimwambia hivyo.

"Labda ulisahau," alisema. "Na miye nilisahau kukunja mikono."

Sikujua kama ananisamehe au ananipima. Mke wangu alileta maji, akasema, "Munawe kwanza. Ile mambo mutamaliza kisha."

Tulikula lituma na majani ya pondu, na vipande viwili vya samaki ngolo wa moshi ambavyo mke wangu aliviweka vyote upande wa papa. Papa alichukua tonge, akalishika mkononi, akazungumza kidogo juu ya mvua. Hakulitia mdomoni mpaka aliponiona mimi nimemeza. Nataka niandike sawasawa, nisimwonee papa: lituma ilikuwa imetoka motoni wakati uleule, na ilikuwa bado inatoa mvuke, huenda alingoja ipoe tu.