Mzazi wa Chini ya Banda

Tangu baridi haijaondoka, Mardhiya alijua kuwa chini ya banda la bustani yao, hapo London, kuna mbweha jike. Hakumwambia mtu. Hafidh, mumewe, angeita watu wamfukuze siku hiyo hiyo, na Mardhiya alikuwa ameshaliona tumbo la yule mnyama. Kila alfajiri, akishasali, alisimama dirishani jikoni na kikombe chake cha chai, akatazama. Mwenyewe ni mama wa wasiwasi. Watoto wake wakichelewa basi la Edmonton, simu yake inawaka moto. Sasa kajiongezea mwengine wa kumhofia.

Machi ikaingia. Mplamu wa bustanini ukatoa maua kabla ya majani, nyuki wanene wakawa wanayumbayumba juu yake kama walevi, na kidege cha kifua chekundu kikabeba vijiti kupeleka kwenye ua wa jirani. Kisha mbweha akakonda ghafla. "Kajifungua," Mardhiya alijisemea, akaanza kumwekea vichwa vya samaki.

Jumapili moja mwanzoni mwa Aprili, Bi Mize wa Woolwich akaja na dada zake kumposea mwanawe, Abdulwakil. Anayetakwa ni Sundus, binti wa Mardhiya. Sundus keshakubali, na baba yake keshakubali. Limebaki neno la mama, nalo limemkwama kooni. Kijana hana ila. Kinachomtisha Mardhiya ni mama mkwe. Mardhiya mwenyewe alipomzaa Sundus, mama mkwe wake alimtoa kitandani akafue mablanketi, hata kitovu cha mtoto hakijaanguka. Na huyu Bi Mize anajulikana kwa ulimi.

Viatu vya wageni vilijaa mlango wa mbele, vyengine vikawekwa nje, mlango wa nyuma. Walipoaga, kiatu kimoja cha Bi Mize, cha rangi ya dhahabu, hakionekani.

"Nimekuja kutaka mke, nimeporwa kiatu!" alisema Bi Mize. "Nyumba hii mahari mnajichukulia wenyewe?"

Dada zake wakaangua kicheko. Mardhiya akatamani ardhi ipasuke.

"Ni mbweha tu, Mum," Sundus akaropoka. "Yule unayemlisha alfajiri, nakuona."

Hafidh akainuka kitini. "Mbweha? Humu mwetu? Kesho naita watu waje wamtoe."

"Ngoja kwanza, Bwana Hafidh." Bi Mize alikuwa ameshafika dirishani. "Hebu njoo, mwenzangu."

Mardhiya akasogea. Chini ya mplamu, vitoto vitatu vyenye manyoya ya kahawia vilikuwa vinagombania kiatu cha dhahabu. Kimoja kikapinduka, miguu juu. Mama yao kajilaza pembeni, mbavu zimemtoka, jicho moja wazi.

Sundus akaushika mlango akakichukue.

"Rudi wewe!" Bi Mize alimkemea. "Huoni kuna mzazi? Hajatoka arubaini ya uzazi, unamwendea na vishindo!" Akamgeukia Hafidh. "Na wewe umtoe umpeleke wapi, na wachanga wake? Mzazi hahamishwi, hata akiwa mwizi."

"Na kiatu chako?" Hafidh aliuliza, amenywea.

"Nipe malapa ya chooni nivae. Woolwich watanizoea." Kisha sauti ikashuka. "Unampa nini, Mardhiya?"

"Vichwa vya samaki."

"Mwongeze na nyama. Ananyonyesha watatu huyo, maskini. Mwangalie alivyokwisha."

Mardhiya hakumwangalia mbweha. Alimwangalia yule mwanamke mkubwa aliyesimama miguu mitupu juu ya vigae vya baridi, paji la uso kaligandisha kwenye kioo. Lile neno likamtoka lenyewe.

"Bi Mize, waambie wanaume walete barua ya posa. Mimi nimeridhia."

"Alhamdulillahi." Bi Mize hakugeuka, ila mkono wake ulipapasa mpaka ukaupata wa Mardhiya, ukaushika. "Lo! Mtazame yule mdogo. Anakitafuna kisigino!"