Mama Lemayan Anauliza Tunaitikia Wapi

Niseme ukweli, nilikwenda Karatu kwa kiherehere. Lemayan, rafiki yangu Mmasai wa Ngorongoro aliyewahi kulinda ukumbi nilimokuwa napiga kinanda hapa Moshi, alinipigia simu. "Kaka, nimerekodi wimbo wa mama, ule wa kusifu ng'ombe. Mtangazaji mmoja wa redio ya Arusha yuko tayari kuupiga, ila anasema mkavu, anautaka uchangamke kama nyimbo za Kizungu. Njoo uutie kinanda." Alihangaika miaka kuipata nafasi hiyo. Ningekataaje?

Baada ya Mto wa Mbu basi likaanza kupanda, nami nimekipakata kinanda changu kama mtoto mgonjwa. Karatu nilipokewa na baridi na vumbi jekundu.

Studio ya Paulo, Mwiraqw mwenye maneno mengi, iko nyuma ya duka la mbegu. Niliusikiliza wimbo mara mbili. "Mbona sisikii ngoma?" nikauliza.

Lemayan akacheka mpaka akakohoa. "Sisi hatuna ngoma, kaka. Hata watalii mahotelini huuliza hivyo hivyo. Ngoma yetu ni koo na kifua."

Tena kwenye rekodi, kila baada ya mstari Lemayan alikuwa ananyamaza tu. Nikajiambia, hapo ndipo pa kufanyia kazi! Nikamwaga tarumbeta, magitaa, fidla, vyote kwa kinanda. Paulo alikuwa anapiga makofi. Lemayan naye alifurahi, ila akasema, "Siutoi mpaka mama aukubali. Wimbo ni wake."

Asubuhi tukapita geti la Ngorongoro, tukazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu mzito, hadi bomani kwao karibu na Nainokanoka. Mama Lemayan alitupokea kwa maziwa ya kibuyu, wanawake wa boma wakakusanyika na shanga zao, tukawasha spika ndogo. Wasichana wakaanza kucheza mabega palepale. Loo, nilivimba kichwa! Lakini mama alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga. Wimbo ulipoisha akasema kitu kwa Kimaa, Lemayan akainamisha kichwa.

"Anasemaje?"

"Anasema kinanda ni kitamu. Anauliza, sisi tunaitikia wapi?"

Mama akauimba mwenyewe. Kila aliponyamaza, wanawake waliitikia, mara kwa kirefu, mara kwa kifupi, bibi mmoja akaongeza lake watu wakacheka. Nilijaribu kuhesabu mapigo kwa mguu, nikapotea kabisa. Nilitaka sana kujua, nikamuuliza mama anajuaje muda wa kuingia tena.

"Mimi nangoja wamalize," alinijibu kwa Kiswahili, akinishangaa.

Tuliporudi studio, tukamweleza Paulo kuwa nafasi za kuitikia inabidi zibaki wazi, akaja juu. "Kimya redioni? Watu watadhani mitambo imezimika! Na yule mtangazaji atakuacha, Lemayan, usije kulia hapa."

Lemayan alijikuna shingo. Nilimwonea huruma, maana Paulo hakuwa anatania. Mwishowe akasema, "Toa vyote, kaka. Bakiza pale mwanzoni tu, wale wasichana wamepapenda."

Nilivifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na iliniuma kwelikweli.

Nimesharudi Moshi. Mtangazaji aliusikiliza, akasema bado mkavu, hajaupiga mpaka leo. Lemayan amekubali matokeo, ingawa sauti yake kwenye simu haikuwa ya mtu mwenye furaha. Juzi alinitumia sauti iliyorekodiwa nyumbani kwao: wimbo unatoka kwenye ile spika, na kila anaponyamaza boma zima linaitikia, watoto wakipiga kelele kuliko wote. Nilikuwa nasikiliza huku namenya viazi. Sijui nilishikwa na nini, alipomaliza mstari wa tatu nikaitikia kwa sauti.

"Unaongea na nani huko jikoni?" mke wangu akauliza.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, "hatujamaliza."