Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa mamba, na tangu mama apigwe na kiharusi naogopa zaidi ile kompyuta iliyoko sebuleni kwangu, Buhare. Humo ndimo ilimo sauti yake. Nilimrekodi kwa simu nyumbani Mugeta, anakamua ng'ombe huku anasimulia alivyoolewa, kisha nikaihamishia kwenye kompyuta. Simu yenyewe ikaibwa stendi. Muda si mrefu mama akaanguka, na hajatamka neno tena. Nikamleta akae kwangu.

Siku moja akaja mjomba kutoka Bunda, kaka yake mama, flashi inaning'inia shingoni. Flashi hiyo imezunguka ukoo mzima ikikusanya video za harusi na nyimbo za kwaya. Kwetu huikatai flashi ya mjomba. Ni kama kumnyima kiti.

"Weka hapo mwanangu, tumchangamshe dada. Huwaga anapenda kwaya huyu."

Antivirasi ilikuwa imekwisha muda wake, na kila iliponikumbusha niliipuuza. Nikachomeka. Kwaya ikaimba, mama akatikisa kichwa taratibu, mjomba akala ugali kwa sato, akaaga na flashi yake.

Alipoondoka nikaona kila folda imegeuka kijialama chenye mshale pembeni. Nikabofya ya mama. Haikufunguka. Nikabofya tena, wapi. Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye godoro lake, nami nikajifanya natafuta kitu kingine.

Kesho yake nikaipeleka kompyuta mjini kwa fundi. Hakuitazama sana.

"Hii tunapigaga Windows upya tu, dada. Inakuwa kama mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika. Kwani una nini humo cha maana?"

Nikaichukua, nikapanda bodaboda nimeikumbatia, kila shimo la barabarani moyo unaruka.

Nyumbani nikasoma maelekezo kwenye simu yangu mpya, neno kwa neno. Yalisema kirusi cha aina hiyo mara nyingi hakiharibu mafaili, huyaficha tu. Mara nyingi! Neno hilo lilinitesa. Nikaweka antivirasi mpya, ikapekua kila kona, ikakamata kirusi na kukifuta. Ndipo nikaiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, macho nimefumba nusu. Folda ya mama ikatokea, imefifia, lakini ipo. Kabla ya kupumua nikainakili kwenye diski ya nje, kisha kwenye simu, kisha nikamtumia dada yangu aliyeko Butiama.

Nikaiwasha ile rekodi kuhakikisha. Maziwa yakasikika yakichuruzika ndooni, kisha mama, mzima kabisa, anacheka na kumsema marehemu baba kwa alivyokuja kuposa amevaa koti la kuazima.

Nikageuka. Mama alikuwa analia. Midomo yake ilikuwa inahangaika kufuata maneno, na hakuna lililotoka. Hofu niliyoipata hapo ilizidi ya siku zote mbili. Nilikuwa nimeogopa kuipoteza ile sauti, wala sikuwahi kufikiria mwenyewe ataisikiaje.

Nikanyoosha mkono niizime. Akaudaka kwa mkono wake usiopooza, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, na hakuniachia mpaka hadithi ilipokwisha.