Chiriku na Ubeti wa Diwani

Waliompa wifi yangu jina la Chiriku hawakumjua vizuri. Chiriku ni ndege wa kelele, na mtu akiitwa hivyo ujue hafungi mdomo. Huyu wa kwetu angeweza kukaa sebuleni kwangu mpaka birika likauke, asiseme zaidi ya "ndiyo" na "sukari inatosha". Maneno aliziwekea nyimbo zake. Na nyimbo hizo ziliwatoa watu jasho, mume wangu akiwemo, ingawa ni mdogo wake wa tumbo moja.

Alikuwa dobi. Alipiga pasi mashuka ya wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, mahali pa mvuke na sabuni kali, na nyimbo zake zote zilizaliwa kwenye meza ile. Pasi ikienda, nusu ya mstari. Pasi ikirudi, nusu ya pili. Pasi ikifika ukingoni kabla maneno hayajaisha, alisema mstari umenenepa, akaupunguza. Ndiyo maana nyimbo zake zilishikika upesi. Wauza mboga waliziimba, wapakia mizigo waliziimba, na askari waliotumwa kumnyamazisha niliwasikia kwa masikio yangu wakizipiga kwa mluzi.

Wimbo wake wa kwanza kuvuma ulihusu dawa zilizokuwa zikitoka stoo kwa mlango wa nyuma. Redio ilijifanya kiziwi, watu wakarushiana kwenye simu. Akaja bwana mmoja wa studio, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, akamwahidi makubwa ili mradi aondoe ubeti mmoja tu. Chiriku akabeba gitaa lake akaondoka na kuacha soda nusu, na anayemjua anajua kwamba Chiriku haachi soda. Kisha chama kikamletea fulana na kofia apande nazo jukwaani. Akazipiga pasi, akazikunja vizuri, akazirudisha. Wapinzani wakachekelea, wakaleta za kwao. Nazo zikarudi zimenyooka.

Ila alikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwa msanii mwingine. Wimbo unaomhusu mtu ulimfikia mwenyewe kwanza. Alimfuata mchana kweupe, akapiga hodi, akaketi, akamwimbia usoni. Akimaliza aliuliza kama kuna uongo ndani yake. Uongo ukionyeshwa, aliutoa palepale na kuomba radhi. Ukweli haukutoka, hata ukimlilia. Mkuu wa stoo alimtupia viatu. Chiriku akaviokota, akavipanga mlangoni, akaaga.

Basi mume wangu akawa diwani. Wazazi wao waliondoka mapema, na ni pasi ile ile iliyomsomesha, kwa hiyo siku ya kuapishwa Chiriku alilia mpaka kamasi. Sijawahi kumwona mtu akimpenda ndugu yake namna ile, na nasema hivyo mimi niliyelala naye kitanda kimoja huyo ndugu.

Haukupita muda, vibanda vya wauza mboga pale ukutani mwa hospitali vikavunjwa asubuhi moja ili wakubwa wapate pa kuegesha magari. Wanawake waliokuwa wakiuza pale walikuwa mashoga wa Chiriku wa miaka yote. Jumapili iliyofuata nikasikia hodi. Jumapili nyingine zote Chiriku alikuja na ndizi mkononi. Siku hiyo alikuja na gitaa.

Akaimba. Ubeti wa kwanza na wa pili ulikuwa wa wale wanawake, nyanya zao zikikanyagwa matopeni. Wa tatu ulikuwa wa mwenye nyumba:

Diwani hakuyajua, hakuna wa kumwambia,
vibanda wakibomoa, nyumbani alisinzia.

Nikashusha pumzi. Alikuwa amemwachia mdogo wake upenyo. Diwani anayelala atachekwa, lakini watu humsamehe mtu aliyelala, na uchaguzi ulikuwa karibu. Chiriku akauliza swali lake la siku zote, ila safari hii hakumtazama aliyemuuliza. Alitazama nyuzi za gitaa. Mimi nikamkanyaga mume wangu mguu chini ya meza, kwa nguvu, ili kichwa chake kielewe.

Akauvuta mguu wake.

"Uongo upo," akasema. "Nilijua, dada. Sahihi ya kuvivunja ni yangu. Na asubuhi ile nilikuwepo. Nilikaa kiti cha nyuma cha gari, nikainama wasinione."

Chiriku akainywa chai yake mpaka mwisho, nayo ilikuwa imepoa kabisa. Kisha akamwomba radhi kwa kumsingizia, kama alivyowaomba wengine, akasema atarekebisha.

Alipoondoka nilimfokea mume wangu jikoni mpaka sauti ikakauka. Nilimuuliza ni shetani gani aliyemtuma aukatae msamaha aliopewa bure. Akajibu kwamba watu wengi ameshawadanganya, lakini hawezi kumdanganya aliyempigia pasi mashati ya shule. Nikamwambia basi atakula mashati. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya hofu.

Wimbo ukaimbwa uwanjani, mbele ya umati:

Diwani aliyajua, alikuja kutazama,
vibanda wakibomoa, garini aliinama.

Uchaguzi ukaja, kiti cha udiwani kikaenda. Watoto wa mtaani wakawa wakiliona gari letu wanachuchumaa wote kwa pamoja na kuficha vichwa, mpaka tukaliuza. Chiriku aliendelea kuja Jumapili na ndizi zake, na mume wangu alizipokea mlangoni kwa mikono miwili, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Ndizi tulikula wawili, mimi na wifi. Miaka ikapita hivyo.

Chiriku alipostaafu, wenzake walimwandalia sherehe uani mwa hospitali, kati ya kamba za mashuka. Mume wangu alikuja. Sikumlazimisha, alivaa shati mwenyewe akatangulia. Akasimama nyuma kabisa, shuka lililoloa likimpigapiga begani.

Sauti ya Chiriku ilikuwa imekwisha, imebaki mkwaruzo. Wauza mboga wakamwomba wimbo wao. Akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, kisha akaingia wa nne. Watu wakajifanya hawakuona, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo.

"Dada," mume wangu akaita kutoka kule nyuma. "Umeruka ubeti."

Gitaa likanyamaza. "Sikuuruka," Chiriku akasema. "Nimeutoa."

"Kwani ni uongo?"

Chiriku alimtazama, na machozi yakamtoka bila kujificha, mbele ya wote. Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe, ukweli hautoki. Mume wangu akapita katikati ya watu, akavuta kigoda, akaketi karibu na magoti ya dada yake kama mtu anayesubiri chakula. Chiriku akarudi kwenye ubeti wa tatu. Wakauimba wote wawili, yeye na mkwaruzo wake, mume wangu na sauti yake mbaya niliyoizoea.

Jumapili iliyofuata zile ndizi tulizila watatu.